Yule wa Nyuma Amefika?

Duka langu liko hatua chache kutoka Mwaloni, pale Kirumba, Mwanza. Nauza plagi, propela, oili, kamba, na vikorokoro vyote ambavyo mashine ya boti huanza kuvidai ikishafika katikati ya ziwa. Mchana biashara ikipoa huinamia simu. Desemba 2024 kijana mmoja wa dagaa aliingia kutafuta plagi, akachungulia begani kwangu, akaona kioo kizima cha bluu na vinukta vya rangirangi vimefuatana kama siafu.

"Dada, kumbe na wewe unacheza Aviator?"

Nikamwambia hao ni watu. Kila nukta ni mtu mmoja, yuko peke yake ndani ya boti la tanga, anaizunguka dunia bila kuingia bandari yoyote na bila kusaidiwa na mtu. Akauliza mashine zao ni HP ngapi. Nikamwambia mashine ipo, lakini imefungwa lakiri isizungushe propela. Kazi yake ni kuchaji betri, na lakiri huvunjwa siku ya dharura tu. Akanyamaza, plagi mkononi.

"Sasa wewe wanakulipa nini?"

Hakuuliza wao wanalipwa nini. Aliuliza mimi. Na kusema kweli, tangu niingie kwenye ushabiki huu sijawahi kupata jibu la kumridhisha mtu wa Mwaloni. Bando ni langu, macho ni yangu, usingizi ni wangu, na vyote hivyo nawamalizia watu ambao hawajui kama kuna mji unaitwa Mwanza. Nikampa chenji yake akaenda. Baada ya wiki nikasikia kule kwenye mitumbwi nimeshapewa jina: Dada Nukta.

*

Mimi si mtu wa michezo. Kwetu Simba na Yanga zimeshagombanisha ndugu wa kutosha, na mimi nilijiweka pembeni tangu shule ya msingi. Ushabiki wa matanga ulinikuta kwa njia ya habari mbaya.

Ilikuwa tarehe 30 Novemba 2020, jioni, nafunga duka. Kwenye simu ikapita habari ya Mfaransa anayeitwa Kevin Escoffier. Alikuwa wa tatu katika Vendée Globe, hizo mbio za kuizunguka dunia peke yako, mbali kusini-magharibi mwa Cape Town, boti lake liliposhuka mgongo wa wimbi moja na kujichoma kwenye wimbi la mbele. Likakatika. Pua ilikunjika juu kama boksi la maziwa lililokanyagwa. Hakuwa na muda. Alinyakua vazi la kuokolea na chelezo cha kujaza upepo, na katikati ya hayo akawatumia watu wake wa nchi kavu ujumbe mfupi: anahitaji msaada, anazama, si utani.

Hilo "si utani" ndilo lililonikalisha chini, ufunguo wa kufuli mkononi.

Nilipokuwa kidato cha pili, baba mdogo alikuwa na mtumbwi wa dagaa. Watu wanne, karabai tatu, wanatokea Igombe. Usiku mmoja radi ilianza kupiga upande wa Ukerewe kama saa nane. Simu za mkononi zilikuwa ngeni bado. Yeye alikuwa nayo moja, ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni. Alimpigia shangazi. Shangazi anasema alisikia maneno mawili, "Dada, tunapigwa," halafu upepo, halafu kimya. Tulitoka tukakaa ufukweni na kanga mabegani na taa ya chemli, kana kwamba taa ya chemli inaonekana kutoka visiwani. Kukakucha. Mitumbwi ikaanza kurudi mmoja mmoja, na kila mmoja ulipotokeza shangazi alikuwa ameshahesabu vichwa kabla haujagusa mchanga. Wa baba mdogo haukuwemo. Ulifika siku ya pili yake jioni, unavutwa na boti la watu wa visiwani, mashine imekufa, karabai hakuna hata moja, watu wanne wote wazima. Baba mdogo alipokanyaga nchi kavu hakusimulia kitu. Aliomba uji.

Tangu siku hiyo nikisikia mtu yuko majini na haonekani, siwezi kuendelea na shughuli zangu.

Basi nikaifungua ile ramani ya mbio kwa mara ya kwanza. Waandaaji walikuwa wameshawageuza washindani waliokuwa karibu. Wa kwanza kufika alikuwa Jean Le Cam, miaka 61, mzee kwa kazi hiyo. Alimwona Escoffier ndani ya chelezo, wakaitana. Le Cam akazunguka ili amkaribie vizuri, na aliporudi hakumwona tena. Giza likaingia. Habari nilizipata vipande vipande, nazitafsiri kwa programu ya simu kwa sababu Kifaransa changu kinaishia kwenye salamu. Saa nne usiku, bado. Saa saba, bado. Kwenye ramani nukta ya Le Cam ilikuwa inazunguka palepale kama kuku aliyepoteza kifaranga.

Alfajiri, kama saa kumi na robo ya hapa kwetu, alimpata. Aliona mwanga ukimeta ndani ya wimbi, akaufuata, akamrushia boya, mtu akapanda. Escoffier alikuwa amekaa ndani ya kile chelezo muda wa saa kumi na moja na ushee. Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Sijui kama ningekuwa shabiki laiti mambo yangeishia hapo. Kesho yake ndipo nilipoisoma sehemu ya pili. Januari 2009, Le Cam huyohuyo, boti lake lilipinduka karibu na Rasi ya Horn, kule ncha ya Amerika ya Kusini, naye akabaki ndani, amefungiwa kwenye hewa iliyobaki, miguu kwenye maji na mafuta. Aliyekuja kumtoa ni mshindani mwenzake, Vincent Riou, na katika kumwokoa boti la Riou likaumia kiasi kwamba mlingoti ulianguka baadaye. Boti hilo la Riou liliitwa PRB. Na lile lililokatika chini ya Escoffier miaka kumi na moja baadaye liliitwa PRB.

Kuhusu mtu kubaki hai ndani ya chombo kilichopinduka, Mwanza hatuhitaji kuelezwa. Septemba 2018 MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, fundi mitambo mmoja alitolewa humo akiwa hai baada ya siku mbili. Na tarehe 21 Mei 1996, siku ya MV Bukoba, kuna watu wazima mjini hapa ambao hadi leo hawapendi kuizungumza, kwa hiyo na mimi naiacha.

Nilipomsimulia shangazi habari ya Escoffier, swali lake lilikuwa moja: "Na huyo mzee chakula alikuwa nacho cha kuwatosha wawili?" Sikuwa nimewaza. Nikaenda kutafuta. Ni kweli walikula chakula cha Le Cam mpaka tarehe 6 Desemba, meli ya jeshi la majini la Ufaransa ilipokuja kumchukua mgeni, na mwenyeji akaendelea na mbio zake.

*

Niieleze mbio yenyewe kwa ufupi, maana nimeulizwa mara nyingi. Vendée Globe ilianza 1989 na hufanyika kila baada ya miaka minne. Wanaanzia na kumalizia mji mdogo wa pwani ya Ufaransa, Les Sables-d'Olonne. Wanashuka Atlantiki, wanapita chini ya Rasi ya Tumaini Jema, chini ya Rasi ya Leeuwin kule Australia, chini ya Rasi ya Horn, wanapanda Atlantiki, wanarudi walipotoka. Jumla kama kilomita 45,000. Kuna mstari mwekundu kwenye ramani unaoizunguka Antaktika, nao hawaruhusiwi kuuvuka kwa sababu ya barafu.

Wasaidiwe na nani? Na wao wenyewe. Mwaka 1993 hivi, Bertrand de Broc alijikata ulimi vibaya, akaushona mwenyewe huku akifuata maelekezo ya daktari aliyemwandikia kutoka Ufaransa. Katika mbio zilizoanza 2000, Yves Parlier alivunjika mlingoti, akatia nanga kwenye kisiwa kimoja cha New Zealand, kwa kuwa kutia nanga unaruhusiwa ila kushikiwa hata bisibisi huruhusiwi, akauunga peke yake, akaondoka. Chakula kilipopungua akala majani ya baharini. Alimaliza kwa siku 126. Mimi ninayeuza vipuri, mtu huyo namheshimu kuliko wengi waliochukua kombe.

*

Januari 2021 ndiyo iliyoifikisha mbio hii Mwaloni, na ilifika kwa ugomvi.

Usiku wa tarehe 27 Charlie Dalin aliukata mstari wa kwanza. Mimi nikashangilia, nikalala. Asubuhi naamka naambiwa mshindi ni Yannick Bestaven, aliyefika saa kadhaa baadaye. Wale waliogeuzwa kwenda kumtafuta Escoffier walikuwa wamefidiwa muda: Bestaven saa kumi na robo, Le Cam saa kumi na sita na robo, Mjerumani Boris Herrmann saa sita. Hesabu ilipofanywa, Dalin akawa wa pili kwa saa mbili na nusu. Baada ya siku themanini baharini!

Lakini watu wa Mwaloni hawakugombania hilo. Waligombania Herrmann. Usiku uleule, akiwa wa tatu na zikiwa zimebaki maili tisini tu kufika, huku ana saa zake sita za fidia mfukoni, aligonga boti la wavuvi. Alikuwa amelala, mitambo yake ya tahadhari haikumwamsha. Akafika amechechemea, akawekwa wa tano. Nilikosea kuisimulia habari hiyo mbele ya duka saa nne asubuhi, boti zimeshashusha mzigo na watu hawana haraka.

"Mtu analala huku chombo kinakimbia, halafu anashangaa kugonga?"

"Hao wavuvi taa waliwasha?"

"Mvuvi yuko shambani kwake. Wewe ukipita shambani kwa mtu unapita umefumba macho?"

Nikajaribu kuwaeleza kwamba wale watu wako peke yao miezi miwili mitatu, kwa hiyo hulala vijisehemu vya dakika ishirini, arobaini, usukani ukijiendesha wenyewe. Mzee mmoja wa kuvua sangara akanikatiza: nyavu zake zimeshakatwa na vyombo vya watu wakubwa mara nne, na hakuna hata mmoja aliyesimama kumwambia alikuwa amelala. Hoja ikafungwa hapo. Mimi niliyekuwa na picha ya Herrmann kwenye simu nikaificha.

*

Lugha ya matanga sikuipata ziwani. Kwetu tanga ni la kupandisha upepo ukiwa nyuma. Ukigeuka, unalishusha, unashika kafi au unavuta kamba ya mashine. Aliyenifundisha ni fundi mmoja wa Kipemba anayeunda mitumbwi ya mbao, aliyekuja Mwanza kwa kazi ya mwezi mmoja akakaa miaka thelathini. Huja dukani kununua misumari nisiyouza. Nadhani anakuja kuzungumza.

Siku moja nikamlalamikia kwamba boti za Wafaransa zinakwenda mshazari, mara huku mara kule, badala ya kunyoosha. Akacheka hadi akashika kaunta. "Mwanangu, hao wanapiga bisha." Akachukua kipande cha boksi, akachora: upepo unakuja hapa, chombo hakiwezi kuutazama usoni, basi kinaukata ubavuni, kinageuka, kinaukata ubavu wa pili, kinapanda kama mtu apandaye kilima kwa kuzunguka. Akanipa omo, yaani pua ya chombo, na tezi, nyuma yake, akanipa joshini upepo unakotoka na demani unakokwenda. Nilikuwa nimefuata mbio nzima bila kuelewa kwa nini wanazunguka! Kile kipande cha boksi ninacho.

Nikamlipa kwa hadithi. Nilimwambia mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake bila kusimama alikuwa Mwingereza, Robin Knox-Johnston, 1968 hadi 1969, siku 312; walianza tisa akamaliza yeye tu. Chombo chake kiliundwa Bombay kwa mbao za msaji.

"Chaitwaje?"

"Suhaili."

Akaweka kikombe chini. "Suheli?" Kwao Pemba suheli ni kusini, nayo ni nyota ya kusini ambayo wazee walikuwa wakiiendea. Knox-Johnston alilitoa jina hilo kwenye upepo wa Ghuba ya Uajemi. Fundi hakuhitaji zaidi. Kuanzia siku hiyo mbio hizi kwake ni mambo ya ndugu zake, na Wafaransa wamekaribishwa tu.

Mwaka 2023 furaha yake ilizidi. Zipo mbio zinazoigiza zile za 1968, za maboti ya zamani na kupima jua kwa mkono, GPS hairuhusiwi. Tarehe 27 Aprili 2023 alizishinda Kirsten Neuschäfer, mwanamke wa Afrika Kusini, wa kwanza mwanamke kushinda mbio za mtu mmoja kuzunguka dunia. Njiani alikuwa amemfuata mshindani wake, Mfini Tapio Lehtinen, ambaye boti lake lilizama Bahari ya Hindi kwa muda mfupi wa kukatisha tamaa. Akamtoa kwenye chelezo, akamkabidhi kwa meli ya mizigo, akaendelea. Wa pili wake alikuwa Abhilash Tomy, aliyewahi kuwa afisa wa jeshi la majini la India, ambaye mbio zilizopita za namna hiyo, 2018, alivunjika mgongo bahari hiyohiyo na kuja kuokolewa. Fundi alisikiliza yote, kisha akauliza huyo mama Neuschäfer ana watoto. Nikamwambia si swali. Akasema kwake ni swali.

Niliwahi pia kumwonyesha lile la 2014. Hizo zilikuwa mbio za timu, za kutoka bandari hadi bandari, na kipande kile cha safari kilitoka Cape Town kwenda Abu Dhabi, kinapita mbali na pwani yetu kwa hofu ya maharamia. Usiku wa tarehe 29 Novemba boti la Team Vestas Wind lilipanda mwamba wa Cargados Carajos, visiwa vya Mauritius, kwa kasi yake yote. Watu tisa, wote walipona. Mwamba ulikuwepo kwenye ramani ya kompyuta, ila kwa kuivuta karibu. Ukiitazama kwa mbali, hauonekani. Fundi alitikisa kichwa, na mimi nikatazama nje. Mwanza tunajiita jiji la miamba, na ile tunayopiga nayo picha ni ile iliyojitokeza. Iliyojificha chini ya maji kuelekea Saanane, mtu wa boti anaijua kwa kulinganisha mti fulani na paa fulani, na paa likibadilishwa rangi watu hutangaziana.

*

Kuna mchezo wa simu, Virtual Regatta, ambao unakupa boti lako la kuwazia na upepo uleule wa kweli, unashindana na dunia nzima. Mbio za 2020 ulichezwa na watu zaidi ya milioni moja. Nilijiunga 2024. Walianza Jumapili ya tarehe 10 Novemba, saa tisa na dakika mbili alasiri ya kwetu, na mimi na Wafaransa tukaondoka pamoja. Usiku wa saba umeme ukakatika, simu ikazima, nami nikalala. Kulipokucha boti langu lilikuwa limekaa juu ya kisiwa cha Cabo Verde kama mbuzi kwenye kichuguu, na watu laki kadhaa wameshapita. Nimemsamehe Herrmann.

Wa kweli, hata hivyo, walikuwa wanakimbia mbio ambayo haijawahi kuonekana. Maboti ya siku hizi yana mabawa ubavuni, yakishika kasi hunyanyuka juu ya maji. Mwanzoni mwa Desemba Sébastien Simon alikwenda maili za baharini 615 kwa saa 24. Nilizigeuza: kilomita 1,139. Hiyo ni Mwanza hadi Dar es Salaam kwa barabara, karibu kamili. Nikamtangazia kondakta mmoja wa basi anayelala mtaani kwetu, naye akauliza huko baharini kuna mizani ngapi. Katikati ya mwezi huo mlingoti wa Pip Hare, Mwingereza, ukaanguka kusini mwa Australia. Aliunga vipande, akasimamisha kijitanga, akajikokota mwenyewe mpaka Melbourne, siku kumi na mbili. Hizo siku kumi na mbili nilifuata nukta yake kuliko za mbele, ingawa alikuwa ameshatoka mashindanoni.

Kati ya New Zealand na Rasi ya Horn wanapita jirani na mahali panapoitwa Point Nemo. Nchi kavu ya karibu iko kilomita 2,688. Shangazi nilimwambia kwamba kule wanaanga wakipita juu wako karibu nawe kuliko binadamu wa nchi kavu, akasema nisimletee maneno ya kumkosesha usingizi. Yeye alikuwa na mtu wake, Violette Dorange, miaka 23, mdogo kuliko wote. Alimwita "mtoto". Kila Jumamosi nikienda Igombe kumsaidia kugeuza dagaa kwenye chanja, ilikuwa hivi:

"Mtoto yuko wapi?"

"Pasifiki."

"Mama yake analala?"

Charlie Dalin aliwasili tarehe 14 Januari 2025, siku 64 na saa 19. Rekodi ya zamani ilikuwa siku 74. Yuleyule aliyepokonywa ushindi na hesabu miaka minne nyuma. Baadaye mwaka huohuo akaeleza hadharani kwamba muda wote ule baharini alikuwa na saratani, anatumia dawa humo humo ndani ya boti. Nilikwenda kuitazama tena picha yake ya kuwasili, ameshika miali ya moto mikono yote miwili. Nilikuwa nimeiona mara nyingi nikaona furaha tu.

*

Nauza jaketi okozi. Zimetundikwa mlangoni, za rangi ya machungwa, zinafifia kwa jua kabla hazijanunuliwa. Mteja huzishika, huuliza bei, husema "nitapitia siku nyingine, nipe plagi." Simlaumu moja kwa moja; plagi ndiyo inayomrudisha na samaki. Lakini siku moja nilipekua orodha ya vifaa vya usalama vya boti moja la Vendée Globe na nikashindwa kuimaliza. Vifaa vya kuita setilaiti, zaidi ya kimoja. Mtambo unaotuma mahali ulipo mchana na usiku. Dunia nzima inajua Mfaransa yuko wapi kwenye bahari isiyo na watu, na mimi sijui kijana wa plagi yuko wapi kati ya hapa na Ukerewe.

Na yeye huenda wakati mbaya kuliko wote. Mchana upepo wetu hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku nchi kavu ikipoa hugeuka, hutoka pande zote za kingo kwenda ziwani, pepo zinakutana katikati ya maji ya vuguvugu, hewa yenye mvuke inapanda, mawingu yanajengeka. Ndiyo maana radi zetu kali hupiga usiku wa manane hadi alfajiri, saa zilezile ambazo watu wa dagaa wamewasha taa zao. Ziwa lina kilomita za mraba 68,800, na kina chake kwa wastani ni mita 40 tu, kwa hiyo mawimbi yake ni mafupi, yamesimama wima, yamebanana. Fundi, aliyelelewa na Bahari ya Hindi, anasema wimbi la bahari hukupa nafasi ya kumtaja Mungu kabla ya linalofuata.

Kwenye usiku wa giza, mwezi haupo, ukisimama Igombe unaziona taa zimetapakaa mpaka upeo wa macho. Nukta. Hazina majina wala bendera, huwezi kuzigusa kwa kidole zikakupa kasi yake. Shangazi huzitazama kidogo kabla ya kwenda kulala, miaka yote hii, na baba mdogo mwenyewe alishaacha kuvua, sasa anafuga kuku.

*

Mwanzoni mwa Machi 2025 ramani yangu ilibaki karibu tupu. Mtoto alishafika tangu Februari, siku tisini, umati wa watu umemjazia gati. Le Cam naye alishafika, miaka 65, mara yake ya sita. Ilibaki nukta moja, ya Mbelgiji Denis Van Weynbergh, inapanda polepole kuelekea Ufaransa. Mbio zina siku ya kufunga mstari. Siku ikafika, mstari ukafungwa, naye hakuwa mbali.

Jumamosi hiyo upepo ulikuwa mkali Igombe, dagaa wanaruka kwenye chanja. Shangazi hakuinua kichwa.

"Yule wa nyuma amefika?"

"Bado. Na wameshafunga."

"Wamefunga nini?"

"Mstari."

"Mstari gani? Huko kwenye maji?"

"Ndiyo. Yaani muda umekwisha. Akifika watampokea, lakini kwenye matokeo hatahesabiwa."

Akasimama, mkono kiunoni, akanitazama kama vile mimi ndiye niliyefunga.

"Hatahesabiwa na nani?"

Sikujibu. Jioni, niko ndani ya daladala narudi mjini, nikafungua simu kwa bando lililobaki. Picha zilikuwa zimeshawekwa: boti limechoka, tanga limechoka, ndevu, watu wamesimama gatini wanapiga makofi. Nikampigia shangazi pale pale, abiria wananisikiliza.

"Amefika."

"Mzima?"

"Mzima."

Nikasikia anawaambia wenzake kwa Kisukuma, halafu akarudi kwenye simu.

"Wamempa uji?"